Msomaji Hasimu

1

Ambokile Kabuje alipomwona Atuganile anarudi kutoka sokoni na kikapu cha viazi, alivuka barabara. Ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja: bila haraka, macho ameyapeleka kwenye mabati ya nyumba za ng'ambo, na leo alikanyaga dimbwi kwa makusudi badala ya kupishana naye. Mvua ya Rungwe ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na viatu vyake vilijaa tope. Atuganile naye akatema mate pembeni, kwa adabu, kama ilivyotakiwa.

Wageni walidhani hawa wawili waliwahi kuoana wakaachana vibaya. Wapi! Hawakuwahi hata kunywa chai pamoja. Walikuwa mahasimu wa kuandikishwa, wenye hati iliyotiwa muhuri, na watu elfu arobaini wa kitovu cha Mlimani waliwategemea wachukiane vizuri.

Sheria hiyo ilitungwa baada ya miaka ya programu za kampuni, zile ambazo hakuna aliyejua ndani mna nini, mpaka siku moja zikajifunga zenyewe nchi nzima na watu wakabaki wanatazama vioo vyeusi. Baada ya hapo kila mji ulijenga kitovu chake, mitambo yake yenyewe juu ya kilima chake chenyewe, na vitovu vikashikana mikono kuwa Utando. Kila kitovu kilijichagulia programu ya mezani ya kuendeshea mashine za watu wake, kwa sharti moja tu: iwe wazi, yeyote aweze kuisoma. Kisha ikagundulika kwamba yeyote aweze kusoma maana yake hakuna anayesoma. Marafiki walipitishiana kazi huku wakipigana mabega. Ndipo Utando ukaamuru kila mwandishi awe na msomaji asiyempenda, na badiliko lolote lisiingie kwenye mashine za watu mpaka huyo asiyempenda alisome lote na kutia ufunguo wake. Mahasimu walikatazwa kusalimiana, kulishana na kuzikana. Ukizembea kusoma, ufunguo wako unafungiwa mwaka. Ukipitisha kwa huruma, unafutwa kwenye Utando maisha yako yote.

Atuganile aliingia ndani, akatua kikapu, akawasha kompyuta. Kigoda, programu ya mezani ya Mlimani ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwandishi wake mkuu, kilimpokea kwa ukanda mwekundu wa Utando juu ya kioo.

*Kwa kitovu cha Mlimani. Badiliko namba 4417, liitwalo Matanga. Mwandishi: Atuganile Mwasomola. Msomaji hasimu: Ambokile Kabuje. Mistari: mia sita na kumi na miwili. Muda wa kusomwa: dakika nne. Tunataka maelezo kesho saa nne asubuhi, mbele ya watu wote. Mkishindwa kueleza, tutawakata.*

Aliketi bila kuvua koti lililolowa.

Kukatwa alikujua. Kitovu kimoja cha kando ya ziwa kilikatwa miaka mitatu nyuma. Mwezi wa kwanza barua za watu kwa watoto wao zilianza kurudi. Mwezi wa pili daktari hakuweza kuona faili la mgonjwa aliyetoka wilaya jirani. Kufikia mwaka, nusu ya mji ilikuwa imehama, na waliobaki walikuwa wanaitwa majina ambayo Atuganile hakupenda kuyarudia.

Na dakika nne alizijua pia. Alizijua kwa miezi minane.

Matanga alikuwa ameiandika wiki ya pili baada ya kumzika mama yake. Kilikuwa kitu kidogo tu: mtu aliyefiwa anabonyeza kitufe kimoja, na Kigoda kinanyamaza siku nne, hakuna kengele, hakuna matangazo, hakuna kukumbushwa mambo ya mkutano wakati macho yamevimba. Akakifanya kinyamazishe kila mashine iliyofunguliwa kwa ufunguo wa huyo mfiwa, ili asisumbuliwe popote. Hakuwaza kwamba mashine nyingine si za mtu mmoja. Nesi wa zahanati ya bondeni alikuwa amefungua mashine ya friji ya chanjo kwa ufunguo wake mwenyewe. Babu yake akafariki, akabonyeza Matanga akiwa nyumbani, na friji ikanyamaza naye. Umeme ukakatika siku mbili, ukarudi, friji ikapoa upya, na hakuna kengele iliyolia. Watoto wakachanjwa dawa iliyokwisha kuharibika. Surua ilipokuja, iliwapata watoto kumi na tisa, na mmoja wao, Gwakisa, mtoto wa Sekela, ilimwacha kipofu.

Atuganile alifungua kisanduku cha pembeni, pale ambapo msomaji humwandikia mwandishi peke yake. Miaka kumi na mmoja ya matusi ilikuwa imepangwa vizuri mle. *Mstari wa 40 ni wa kipumbavu. Umeandika hivi ukiwa umelala? Na mashine ikiwa si ya mtu mmoja, itakuwaje, hukuwaza?* Hilo la mwisho Ambokile aliliuliza kwenye mabadiliko chungu nzima, mpaka likawa linamkera. Kwenye 4417 hakuuliza. Chini ya namba hiyo palikuwa na maneno matano.

*Pole kwa mama. Nimeipitisha yote.*

Alikumbuka alivyoyasoma akiwa kwenye mkeka, alivyolia, na jinsi yalivyomfariji kuliko sala zote za msiba. Mwandishi akiona amesomwa upesi mno, sheria inamtaka arudishe kazi. Yeye alijifuta macho na kubonyeza *Toa*, badiliko likaingia kwenye mashine za watu.

2

Kwenda nyumbani kwa hasimu lilikuwa kosa lenyewe. Alikwenda mchana kweupe, mwavuli mkononi.

Ambokile alikuwa barazani anamenya ndizi. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuinua kichwa.

"Usipande ngazi, Mwandishi."

"Sipandi."

"Sema kilichokuleta uondoke. Majirani wana macho."

"Kwa nini ulinipitishia?"

Kisu kilisimama. Mvua ilikuwa inapiga migomba.

"Nilifika mstari wa saba," alisema Ambokile. "Umeweka jina la mama yako pale, kama mfano wa marehemu. Tupokigwe. Yule mama aliniuzia maziwa miaka ishirini, siku zote anajaza mpaka inamwagika. Kuzikwa kwake sikuruhusiwa kuja, kwa sababu yako. Nikasema, leo mwanamke huyu nisimtukane. Siku moja tu." Akaanza kumenya tena, kwa hasira sasa. "Siku moja! Na ndiyo siku uliyoandika upuuzi mkubwa kuliko wote maishani mwako."

"Nilipaswa kurudisha. Niliziona hizo dakika nne, na sikurudisha."

"Najua hukurudisha. Ndiyo maana nakudharau." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Sasa sikiliza. Kesho nitasimama niseme nilizembea. Niliona uvivu. Watanifungia mwaka, nitavumilia. Binti yangu Lugano yuko Mwanza, tunaongea kila Jumapili, atasubiri. Lakini likitajwa neno huruma, mimi nafutwa, simwoni tena mpaka naingia kaburini. Na nyinyi wote mnakatwa, maana nani atajua ni mangapi mengine nimeyapitisha hivyo? Miaka kumi na mmoja ya kazi yako itakuwa takataka. Futa ule ujumbe."

"Na Sekela?"

"Sekela atapata mtu wa kumlaani. Atanilaani mimi. Anataka nini zaidi?"

Atuganile alitaka kumwambia ahsante, na alijua kwamba akitamka neno hilo Ambokile angemrushia kisu.

"Ondoka," alisema Ambokile. "Na usije ukanisamehe. Nimechoka na mambo ya kusameheana, yametufikisha hapa."

3

Ukumbi wa kitovu ulikuwa banda la zamani la kupimia majani ya chai, na bado ulinuka chai mbichi. Saa nne asubuhi haukuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walikuwa wamekuja na njaa ya kupata mtu wa kumlaumu. Mtu mmoja alimkanyaga Atuganile kwa kusudi, mwingine akasema, kwa sauti ya kutosha, "Huyu ndiye mpofushaji."

Sekela, mchuma chai, alikuwa mstari wa mbele, mtoto mgongoni. Gwakisa alikuwa na mwaka na nusu. Kila sauti ilipopanda, uso wake uligeuka kuifuata, kisha ukageukia nyingine, ukabaki umeduwaa katikati.

Kwenye kioo kikubwa cha ukutani alionekana Saumu Shekiondo, mkaguzi wa Utando, kutoka kitovu cha Tanga, mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani na ambaye hakupoteza muda kwa salamu.

"Mzee Kabuje. Dakika nne kwa mistari mia sita. Eleza."

Ambokile alisimama. "Nilizembea."

"Badiliko lililotangulia ulilisoma siku tisa. Ukalirudisha mara sita. Mara ya mwisho kwa sababu ya nukta."

"Siku ile niliona uvivu."

Watu wakapiga kelele. "Mwe! Uvivu! Mtoto kapofuka kwa uvivu wako!" Ganda la ndizi lilimpiga begani, likadondoka. Hakulipangusa.

"Bi Atuganile," alisema Saumu, "sheria haimwadhibu mwandishi kwa kukosea. Kila mwandishi hukosea, ndiyo maana tuna wasomaji. Una la kuongeza, au niandike uzembe tumalize?"

Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi mno, na Atuganile alijichukia kwa jinsi moyo wake ulivyoikimbilia. Angesema *sina*, kitovu kingepona, Ambokile angepata Jumapili zake baada ya mwaka, na yeye angerudi kwenye kiti chake. Sekela alikuwa anamkodolea Ambokile macho kama mtu anayekariri sura. Angemchukia mtu kwa uvivu ambao hakuwa nao, maisha yake yote, na kosa lenyewe lingebaki mle mle, limefichwa vizuri, kama programu za kampuni.

"Si uzembe," alisema Atuganile. "Alinionea huruma. Na mimi nilijua."

Aliweka ujumbe ukutani, maneno matano, makubwa kuliko kichwa cha Saumu.

Ambokile akasema, "Mshenzi wewe," polepole, na banda likalipuka. Viti vilianguka. Mama mmoja alianza kulia akiulizia barua za mwanawe. Saumu alivua miwani, akaivaa tena.

"Unajua umefanya nini, Bi Atuganile?"

"Najua."

"Umekata kitovu chako."

"Ukweli ndio huo. Nisingeweza kumpa huyu mama jina la uongo."

"Usinitumie mimi kujisafisha," alisema Sekela. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu waligeuka.

Hapo ndipo Lwitiko alipopata nafasi yake. Lwitiko alikuwa wakala wa Mwavuli, kampuni iliyokuwa ikizunguka vitovu vyenye matatizo, na alikuwa amevaa tai siku ya mvua. Alipanda juu ya mzani wa chai.

"Ndugu zangu, kuchukiana huku kwa nini? Mwavuli ni programu ya mezani iliyo tayari. Hakuna kusomana, hakuna mahasimu, hakuna Utando wa kuwatisha. Leo hii nina mashine mia mbili kwenye gari. Mnabonyeza, inafanya kazi. Watu mkapendane."

Watu wengi walipiga makofi. Atuganile aliwaona majirani zake wanapiga makofi, watu waliochoka kuogopa, na hakuweza kuwalaumu hata kama roho ilimuuma.

Sekela alisogea mpaka miguuni pa mzani. "Kaka. Hiyo yako nani anaisoma?"

"Wataalamu wetu, mama. Wa hali ya juu."

"Majina yao?"

"Hiyo ni siri ya kampuni, ila nakuhakikishia..."

"Wakinipofushia mtoto mwingine, nitaonyeshwa ukutani waliyoandikiana?"

Lwitiko alishika tai. "Kuna fomu ya malalamiko, mama yangu."

"Shuka hapo." Akamgeuzia mgongo, na Gwakisa akabaki anamwelekea Lwitiko na macho yake yasiyoona. Lwitiko akashuka. "Wewe dada wa ukutani. Nimeelewa hivi: mnatafuta mtu wa kumchukia huyu mwanamke, asome kazi yake bila kumwonea haya. Yule mzee alikuwa anaigiza, kumbe ana roho nyepesi. Mimi siigizi. Niandike mimi."

"Unajua kusoma programu, mama?"

"Sijui. Atanifundisha yeye."

"Kazi hiyo ni ya miaka."

"Mwanangu atakuwa kipofu miaka mingapi?"

Saumu aliinama, akapekua sheria kwa muda mrefu. Banda zima lilisikia karatasi. Hakuna mahali palipokataza. Waliotunga sheria walikuwa wamejishughulisha kuhakikisha chuki isipungue. Haikuwajia akilini kwamba siku moja ingekuja yenyewe, nzima, imebeba mtoto.

"Siku tisini," alisema hatimaye. "Kitovu hakikatwi kwa siku tisini. Mwandishi anabaki, chini ya msomaji mpya. Badiliko 4417 lisomwe upya, mstari kwa mstari, na msomaji aweze kunieleza kila mstari kwa mdomo wake. Akishindwa mmoja, mmekatwa. Ambokile Kabuje anafutwa sasa hivi."

Ukutani jina la Ambokile lilionekana mara moja, kisha nafasi yake ikawa nyeupe. Alichukua kofia yake akatoka, na watu wakampisha kama wanavyompisha mwenye ugonjwa.

4

Siku ya tatu Atuganile alikutana naye njiani, karibu na kinu. Alisubiri avuke barabara. Ambokile hakuvuka. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yake, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, mama."

Hawakuwa mahasimu tena. Ilikuwa salamu ya jirani yeyote kwa jirani yeyote, haina kitu ndani.

"Nina ombi," alisema Ambokile. "Kama una nafasi ukamwandikia Lugano. Mwambie baba mzima. Usimwambie mengine." Akavaa kofia, akaendelea na safari yake upande ule ule wa barabara. Atuganile alisimama pale akilia waziwazi, na waliopita walimwangalia wakacheka.

Alipofika nyumbani Sekela alikuwa tayari mlangoni, amelowa, mikono myeusi kwa utomvu wa chai. Hakupokea kiti. Hakupokea chai. Alimteremsha Gwakisa kwenye mkeka, akampa kikombe cha bati cha kuchezea ambacho alikuja nacho, kwa sababu hakutaka mwanawe ashike chochote cha nyumba ile.

"Anza," alisema.

Atuganile alifungua 4417. Alieleza mstari wa kwanza, kwamba hapa programu inajitaja jina. Sekela alimrudisha mara tatu mpaka akaridhika, kisha akaurudia kwa maneno yake, na maneno yake yalikuwa mazuri kuliko ya Atuganile. Mstari wa pili. Wa tatu. Wa nne ulichukua saa nzima, na katikati yake Sekela alimwita mjinga mara mbili, mara ya pili kwa haki. Kikombe kiligonga sakafuni, kikabingirika, na mtoto akakitafuta kwa viganja, huku na huku, mpaka akakipata. Wote wawili walimsubiri.

Walifika wa saba.

Sekela aliweka kidole juu ya kioo. Herufi alizijua, alisoma shule mpaka darasa la saba. "Hili ni jina la mtu."

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mama yangu. Nililiweka kama mfano, kujaribu kama kitufe kinafanya kazi. Nikaliacha."

"Programu inalihitaji?"

Atuganile alitazama mstari. Alikuwa ameutazama mara nyingi miezi hii minane, jioni akirudi kutoka makaburini, wakati mwingine ili alione jina tu. "Hapana," alisema. "Hailihitaji."

"Yule mzee aliishia hapa?"

"Hapa."

Sekela hakuondoa kidole. Usoni mwake hakukuwa na ukatili wala upole, alikuwa anafanya kazi.

"Futa."

Atuganile alifuta, herufi moja moja, kuanzia nyuma. Jina lilichukua muda kuisha. Lilipoisha, mstari ulisogea ukajifunga, na hakuna kilichoharibika.

"Sasa wa nane," alisema Sekela. "Na usilie, nitashindwa kuona, kama yule mzee."